Fadhila ya Kuzaliwa Baadaye

Sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania huwahesabu kwa majina watu waliomtumaini Mungu kabla ya Kristo, tangu Habili hata Rahabu, na waamuzi, na wafalme, na manabii, ikasifu subira yao juu ya moto, upanga, njaa na uhamisho, kisha, msomaji anapotazamia kusikia ujira wao, ikamaliza kwa neno la kustaajabisha: kwamba hao wote, pamoja na sifa hizo, walikufa bila kuipokea ile ahadi, kwa sababu Mungu alikuwa amewawekea wengine, waliozaliwa nyuma yao, jambo lililo bora zaidi, ili wale wa kwanza wasitimilizwe peke yao. Hao wengine ndio sisi. Mtu akiisoma sura hiyo bila haraka hana budi kujiuliza ni jambo gani hilo tulilopewa sisi wakalikosa Ibrahimu na Musa, na tulipewa kwa stahili gani, maana kwa mwenendo wetu hatuonekani kuwa watu wa kumpita Ibrahimu.

Swali hili ni la Wakristo wote, lakini katika Milima ya Upare lina uzito wa peke yake. Mkristo wa Same, awe Msabato aendaye kanisani Jumamosi, au Mlutheri au Mkatoliki aendaye Jumapili, ana wazee wa namna mbili waliomtangulia. Wako wale wa Biblia, ambao ndugu zake hupewa majina yao wakati wa ubatizo; na wako mababu zake mwenyewe wa Ugweno, Usangi, Mbaga, Chome na Suji, waliomwita Muumba kwa jina la Kiumbi, wasisikie habari za Bethlehemu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipokuwa wakifungua vituo vyao Upare, na Wasabato wa Kijerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipofika mwaka 1903 wakajenga karibu na Mamba kituo walichokiita Friedenstal. Tuseme mzee alikufa mwaka 1902, na mjukuu wake akabatizwa mwaka 1910. Walilima shamba moja, walikunywa maji ya mfereji mmoja, walimcha Muumba mmoja. Ila mmoja yuko upande huu wa habari, na mwenziwe yuko upande ule. Kwa watu wa huku, basi, fadhila ya waumini wa zama za baadaye ni tofauti iliyopita katikati ya nyumba zao, tena katika muda ambao kumbukumbu ya jamaa bado yaweza kuufikia.

Yafaa kuondoa mapema dhana moja iliyoenea, kwamba fadhila yetu ni ya imani, yaani kwamba sisi twaamini vizuri kuliko wao. Hakuna ithibati ya jambo hilo. Ibrahimu alitoka Uru bila kitabu wala kanisa, bila mwalimu wa kumwuliza, na bila kumwona mtu mwingine aliyeitwa vile akaenda akafika. Ayubu alihojiana na Mungu juu ya majivu asijue kwamba kisa chake kingekuwa na sura ya mwisho. Na Musa, baada ya kuongoza taifa zima jangwani miaka 40, aliiona nchi ya ahadi kwa macho kutoka mlima Nebo, akafa. Ni wachache katika zama zetu ambao wangethubutu kutiwa katika mizani pamoja na mmoja wa hao. Mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1844, alishughulika kwa kina na swali lililo jirani na hili, kama mtu aliyeishi zama moja na Yesu alikuwa na faida juu ya yule aliyezaliwa karne nyingi baadaye, akahukumu kwamba hakuwa nayo, kwa kuwa macho ya mwili hayatoshi kumtambua Mungu katika mtu aliyechoka njiani, na aliyemwona alihitaji imani ileile anayoihitaji asiyemwona. Katika jambo la imani nakubaliana naye. Walikuwako waliokula mikate ya Yesu mlimani wasimwamini, na mji uliomshangilia akiingia ndio uliopiga kelele asulubiwe. Lakini Kierkegaard aliipunguza mno thamani ya habari yenyewe. Aliyeambiwa jambo na asiyeambiwa hawawi sawa, hata kama mioyo yao ni ya namna moja, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuitazama.

Iliyo wazi kuliko zote ni habari ya kafara. Chini ya torati kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku moja kwa mwaka, akiwa na damu isiyo yake, akatoka. Na mwaka uliofuata akaingia tena, kwa ajili ya watu walewale na kwa dhambi za namna ileile, na alipokufa mwanawe aliingia badala yake. Mwandishi wa Waebrania analishika jambo ambalo huenda wengi walioliendea hekalu waliliona wasilitamke: kwamba sadaka irudiwayo kila mwaka yashuhudia yenyewe kuwa deni halijalipwa. Mtu aliyesomea theolojia Ulaya huifikia hoja hiyo kwa kusoma. Mzee wa Kipare aliifikia kwa zizi lake. Ugonjwa ulipoingia nyumbani, alikwenda kwa mganga kuulizia ni mzimu wa nani uliokasirika na wataka nini. Akatoa mbuzi au kondoo, akaandaa dengelua ya kumimina, akapanda na wazee wenzake mpaka mpungi, mahali patakatifu pa ukoo penye miti isiyokatwa, ambapo mafuvu ya waliotangulia yalihifadhiwa baada ya kufukuliwa makaburini, akanena nao kwa adabu kama mtu anenavyo na baba yake. Mtoto akapona. Baada ya miezi akaugua mwingine, mganga akautaja mzimu mwingine, na hesabu ikaanza upya. Haikuwako siku ambayo mzee huyo aliweza kurudi nyumbani akawaambia wakeze na wanawe kwamba yamekwisha, hapana tena atudaiye. Ndiyo sababu naona kwamba Waraka kwa Waebrania, ambao Wakristo wa miji mikubwa hulalamika kuwa ni mgumu, umejaa damu na makuhani, ni mwepesi Upare kuliko mahali pengi duniani, na kwamba neno lake juu ya kafara iliyotolewa mara moja tu lilisikiwa milimani hapa na masikio yaliyokwisha kuandaliwa na mbuzi wengi sana.

Pamoja na kafara huenda habari ya njia. Ibada ya zamani, ya Kiyahudi na ya Kipare pia, ilikuwa na milango, na milango ilikuwa na wenyewe. Katika hekalu la Herode palikuwa na ua wa mataifa, ua wa wanawake, ua wa Israeli na ua wa makuhani, na juu ya kizuizi kilichowatenga mataifa yaliwekwa mawe yenye maandishi ya Kigiriki ya kumwonya mgeni kwamba akipita hapo damu yake itakuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Jiwe moja la namna hiyo lilifukuliwa Yerusalemu mwaka 1871, nalo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Istanbul. Upare hapakuwa na maandishi, lakini mipaka ilijulikana. Mpungi ulikuwa wa ukoo, na asiye wa ukoo hakuwa na la kusema hapo. Mvua ilikuwa dhamana ya ukoo wa Wambaga, na Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, ameeleza jinsi sifa yao ya kuileta mvua ilivyokuwa nguzo ya heshima na mamlaka yao katika Upare ya Kusini. Injili ilipofika ilileta dai ambalo kwa masikio ya wazee lilikaribia kuwa utovu wa adabu: kwamba pazia limepasuka, na kwamba mjane asiye na wa kumsemea, mgeni aliyeingia jana kutoka Taita, na mtoto asiyejua jina la babu yake wa tatu, kila mmoja aweza kusema na Muumba pasipo kumtuma mtu. Aliyelelewa ndani ya desturi hii haioni ajabu yake. Hupiga magoti usiku kabla ya kulala, akasinzia katikati ya maneno, asijue kwamba jambo hilo analolifanya kwa uchovu kuhani mkuu wa Yerusalemu alilifanya kwa kutetemeka, mara moja kwa mwaka. Niseme pia, ingawa si mahali pake, kwamba tumekuwa hodari wa kushona mapazia mapya, tukiwawekea wenye mali viti vya mbele, na kuyasoma majina ya watoaji kwa kufuata ukubwa wa sadaka. Lakini hayo ni mazao yetu, hayamo katika urithi wenyewe.

Fadhila ya kitabu naipita upesi kwa sababu kila mtu anayo mkononi. Katika zama za mfalme Yosia kitabu cha torati kilikuwa kimepotea ndani ya hekalu lenyewe, kikaonekana jengo lilipokuwa likitengenezwa, na mfalme aliposomewa alirarua mavazi yake kwa hofu ya yale ambayo taifa lake lilikuwa limeyasahau. Sisi tumekuwa na Biblia nzima ya Kiswahili tangu mwaka 1891, kwa lahaja ya Unguja, kisha mwaka 1914 kwa ile ya Mombasa, mwaka 1937 kwa mkono wa Karl Roehl, na mwaka 1952 kwa tafsiri ya muungano. Na Wapare walipata pia Agano Jipya kwa Chasu, lugha ambayo Ernst Kotz wa misheni ya Kisabato alikwisha kuichapishia sarufi mwaka 1909. Daudi hakuwahi kumsoma Isaya, wala Isaya hakumsoma Yohana, na kijana wa kidato cha pili pale Same aweza kuwasoma wote watatu jioni moja, akitaka.

Mkulima wa milimani ataielewa hali hii kwa kuitazama ndiva yake. Chemchemi hutiririka kidogo kidogo usiku kucha, maji yakakusanyika katika bwawa lililochimbwa juu ya mashamba, na asubuhi likifunguliwa huingia mferejini kwa nguvu ambayo chemchemi yenyewe haina. Nuhu na Ibrahimu na Daudi walikunywa palepale penye mtiririko mwembamba. Sisi tumefika alfajiri tukakuta bwawa limejaa, na ni upuuzi kujisifu kwa wingi wa maji ambayo hatukuyakinga. Tena kila mtu wa Upare ajua kwamba atumiaye maji ya ndiva asitokee kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfereji na kuziba ukingo huitwa mbele ya wazee akatozwa faini.

Sasa nifike kwenye jambo zito, ambalo wahubiri wengi hulitumia kwa wepesi. Huko Mbaga uko mwamba uitwao Malameni, ambao wenyeji huwaonyesha wageni, na husimuliwa kwamba watoto wachanga waliohesabiwa kuwa ni nuksi, kama mapacha, au mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, walipelekwa huko wakaangamizwa, na kwamba desturi hiyo haikukoma kabisa mpaka miaka ya 1930. Biblia nayo ina mlima wa namna hiyo, mlima Moria, ambako Ibrahimu aliunyosha mkono wake juu ya mwanawe, akazuiwa kwa sauti. Mama wa Mbaga hakusikia sauti ya kuzuia. Alirudi nyumbani na maziwa yakimuuma kifuani, akaambiwa kwamba kijiji kimeokoka. Ni mambo ya namna hii yaliyowafanya wamisionari wawili wa makanisa mawili yaliyokuwa yakishindana, Jakob Dannholz wa Leipzig, aliyekaa Mbaga, na Ernst Kotz wa Wasabato, waandike vitabu viwili juu ya Wapare vyenye majina yanayokaribiana mno, cha kwanza kilichotoka mwaka 1916 kikiwaonyesha kuwa ni watu waliotekwa na imani ya mizimu, na cha pili, cha mwaka 1922, kikiwaonyesha kuwa ni watu waliotekwa na hofu.

Siwakatalii. Hofu ilikuwako, na aliyewaambia mama hao kwamba mtoto wao hana nuksi aliwafanyia hisani kubwa. Pacha azaliwaye leo Mbaga hupokewa kwa vigelegele, na furaha hiyo hata jirani asiyekuwa Mkristo anaishiriki. Uislamu pia, ambao una watu wengi Usangi na Ugweno, ulikataza mauaji ya watoto wachanga tangu siku zake za mwanzo huko Arabuni. Lakini itazamwe tarehe ya kitabu cha Dannholz. Katika mwaka 1916, tangu Februari mpaka Desemba, Wafaransa na Wajerumani waliuana Verdun kwa mamia ya maelfu; na mwezi Mei wa mwaka huohuo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kando ya mto Pangani na njia ya reli, chini ya milima hii hii, yakiwafukuza Wajerumani, katika vita ambavyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kwa maradhi, wakibeba mizigo ya ugomvi usiokuwa wao. Pande zote mbili zilikuwa na makasisi, na pande zote mbili zilimwomba Kristo mmoja ushindi. Mababa wa Ulaya waliowapeleka wana wao Verdun walikuwa wameisoma habari ya Moria tangu utotoni.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni kwamba fadhila ya Mkristo juu ya mtu wa zamani ni fadhila ya ujuzi na ya njia iliyofunguliwa, na haigeuki kuwa fadhila ya tabia mpaka mwenyewe aifanyie kazi. Tena ujuzi huo una taklifu yake. Mzee aliyeshauri mtoto apelekwe Malameni alitenda jambo la kutisha akiamini kwamba anaokoa watu. Sisi tunapomtupa mtu, awe mtoto wa nje ya ndoa, au mkongwe anayeshukiwa uchawi kwa sababu ya macho yake mekundu, twamtupa tukiwa tumekwisha kuambiwa. Yesu mwenyewe alisema kwamba siku ya hukumu Sodoma itastahimili kwa urahisi kuliko Kapernaumu, na Kapernaumu ndio mji aliokaa. Sijui kwa nini maneno hayo hayahubiriwi mara nyingi kama yale ya kuwasifu walioona.

Juu ya mauti tofauti ni kubwa vilevile, ingawa makanisa yetu hayapatani katika kuieleza, Wasabato wakifundisha kwamba wafu wamelala wasijue neno mpaka ufufuo, na wengine wakifundisha kwamba roho za waaminifu zi hai mbele za Mungu. Waebrania wa kale waliijua Sheoli, nchi ya kivuli isiyo na sifa wala kumbukumbu, na zaburi kadhaa zinaililia kwa uchungu. Mababu wa Upare walikuwa na yakini zaidi kwamba wafu wapo, lakini wapo wakihitaji, wenye njaa na wivu, na karibu mno. Waumini wa pande zote mbili walikosa jambo moja, yaani mtu aliyekwenda huko akarudi akala samaki na rafiki zake. Ila katika hili hatukutoka bila hasara. Wale waliopanda mpungi waliyajua majina ya wafu wao kizazi baada ya kizazi, wakayataja kwa mpango. Sisi tunaokiri ushirika wa watakatifu huwasiliba wazee wetu kwa saruji na vigae, na wengi hawawezi kutaja jina la mama wa bibi yao.

Limebaki swali ambalo kila darasa la vijana hulileta, na ambalo walimu wengine hulikimbia: je, waliokufa kabla ya 1903 wako wapi? Mababa wa kanisa hawakulikimbia. Yustino, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani katika karne ya 2, alifundisha kwamba walioishi kwa kulifuata Neno kabla ya Kristo kuja walikuwa watu wa Kristo, akamtaja Sokrate kwa jina. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulikiri kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri, waweza kuupata wokovu. Katika Afrika ya Mashariki, mwanatheolojia John Mbiti wa Kenya alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Mungu hakuingia Afrika kwa merikebu ya wamisionari. Na kwa Upare yenyewe Cuthbert Omari aliandika juu ya Mungu na ibada katika jamii ya Wasu, yaani Wapare. Yako masimulizi ya Kipare yasemayo kwamba hapo kale Kiumbi alikuwa karibu na watu, wakaivunja amri yake kwa kula mayai waliyokatazwa, wakajaribu kujenga mnara wa kumfikia, wakaadhibiwa kwa njaa kuu wasisalie ila kijana mmoja na msichana mmoja. Watu waliosimuliana hayo kando ya moto walijua kwamba wamempoteza Mtu, na walimtaka.

Paulo, katika sura ya 3 ya Warumi, anasema kwamba Mungu alizistahimili dhambi zilizotangulia, akiutazamia msalaba, na sura ya 9 ya Waebrania yasema kwamba mauti ya Kristo yaliyafikia hata makosa ya wale wa agano la kwanza. Ikiwa kafara moja yatosha kwenda mbele karne 20 mpaka kumfikia mtu wa Same, sioni hoja ya kuizuia isirudi nyuma. Walichokosa wazee wetu ni kuambiwa, na kukosa kuambiwa ni msiba mkubwa, lakini si hukumu. Na mtu anayesimama mimbarini akawapeleka motoni kwa jumla amejitwalia kiti ambacho Ibrahimu, alipokuwa akiiombea Sodoma, alimwachia Mwenye ulimwengu.

Ombi langu ni kwa wachungaji, mapadre, makatekista na walimu wa Shule ya Sabato wa wilaya za Same na Mwanga: mfikapo sura ile ya 11 ya Waebrania, msifunge darasa kwa Samweli na manabii. Watumeni vijana kwa wazee wa Mbaga, Chome, Vudee, Usangi na Ugweno, wakaulize babu zao walimwombaje Kiumbi, kwa maneno gani, wakati gani wa siku, na nani aliyesimama mbele. Wayaandike, na yasomwe darasani pamoja na sura hiyo. Waliowahi kuyasikia maneno hayo vinywani mwa watu waliozaliwa kabla ya misheni ni wachache sasa, nao ni wakongwe.